Chupa Mbili Ndani ya Kikapu

Jumatatu, 10 Januari 1994
Zamu ya asubuhi. Jora kumi na nne za kitambaa zimepita mezani kwangu. Nyuzi zilizokatika, mafundo, doa la mafuta lenye umbo la kandambili. Fundi wa mashine ya sita ameapa doa si lake. Hapa kiwandani kila doa ni yatima. Nimeandika tu na kupiga muhuri.

Macho yamewaka tangu saa nne. Mchanga mtupu. Nikifumba mchanga, nikifumbua mchanga. Kisha machozi yanatiririka hadi shavuni na msimamizi anauliza nani kafa. Nimeingia chooni, nimetia matone yangu, mawili kila jicho. Dakika chache, macho meupe kama ya bibi harusi. Nimerudi mezani.

Hakuna anayejua kuhusu dawa, na sitaki ajue mtu. Kiwanda kinatafutiwa mnunuzi na wanapunguza watu. Mkaguzi wa vitambaa mwenye macho mabovu atakuwa wa kwanza kutoka.

Jumamosi, 15 Januari
Nimenunua chupa nyingine mbili duka la dawa karibu na stendi. Zamani dawa ya macho ulikuwa unaisubiri zahanati wiki tatu na unaikosa. Sasa biashara imeachiwa, maduka ya dawa yameota kama uyoga, na muuzaji haulizi cheti. Unamwambia macho mekundu, anakupa chupa yenye kifuniko cha kijani. Ndiyo maendeleo, wanasema.

Mama naye anaitumia, tangu Juni mwaka jana. Nilimpelekea mwenyewe kijijini Matombo. Alikuwa analalamika mchanga machoni kama mimi. Nadhani nimerithi macho yake. Anasuka mikeka ya ukindu mlangoni mwa jiko, moshi wote unampita usoni. Kila nikituma mzigo naweka na chupa.

Sina mume, sina mtoto. Nina mama, na dada mmoja, Agata, aliyeolewa Ngerengere. Agata hutuma salamu. Mimi hutuma dawa. Najua ni majivuno kuandika hivi, lakini daftari ni langu.

Jumapili, 23 Januari
Barua ya mama imefika na lori la ndizi. Mama hajui kusoma wala kuandika. Katekista ndiye humwandikia. Anasema dawa imempa macho mapya. Anaona tundu la sindano. Anasuka mpaka jua linazama. Akina mama wa jumuiya wanamuuliza huyu binti wa mjini ni yupi.

Nimeisoma mara nne. Kichwa kimevimba.

Jumatano, 9 Februari
Nimekwenda kliniki ya macho, hospitali. Nilikuwa sitaki. Lakini chupa iliyokuwa inadumu mwezi sasa inaisha kwa wiki, na taa za meza ya ukaguzi zimeanza kuwa na duara la rangi pembeni.

Muuguzi wa macho ni mtu mzima, mpole, anaongea polepole kama anayefundisha komunyo. Amenitazama kwa kurunzi lake, akasema macho yako ni makavu. Nimemwonyesha leso iliyolowa. Nikamwambia baba, haya machozi yote, ukavu uko wapi? Hakucheka. Akasema jicho lina machozi ya aina mbili. Yapo ya kulinda, membamba, yenye mafuta kidogo, yanakaa juu ya jicho muda wote. Hayo ndiyo sina. Jicho likichubuka linamwaga maji mengi ya dharura, yanateremka bila kufanya kazi. Chanzo ni kazi yangu: kitambaa cheupe, taa chini ya kioo, feni juu ya kichwa, na mimi sipepesi. Umri nao unachangia. Miaka arobaini na sita.

Halafu akaomba kuona dawa ninayotia. Akaisoma karatasi ya ndani, akavua miwani. Ina steroidi. Inatoa wekundu, inatuliza, na kwa watu wengine inapandisha presha ya macho taratibu. Presha ile inaua mshipa wa jicho. Haiumi. Mtu haoni dalili mpaka sehemu ya kuona imeshapotea, na kilichopotea hakirudi. Yangu imepanda kidogo, nikiacha itashuka.

Alisema, "Mama, zilizobaki zitupe chooni. Usimpe mtu."

Nimerudi nyumbani na chupa mbili ambazo hata kizibo sijavunja. Nimeziweka kabatini nyuma ya sukari. Kutupa kitu kizima mkono haukukubali.

Jumapili, 20 Februari
Siku kumi na moja bila matone. Macho mekundu kama nyanya za Mgeta. Msimamizi ameniuliza kama nakunywa.

Nafuata aliyosema muuguzi. Asubuhi na jioni kitambaa safi ndani ya maji ya vuguvugu, nakikamua, nakiweka juu ya macho niliyofumba, mpaka kipoe, narudia. Kisha nakanda kope kwa kidole, za juu nikishuka, za chini nikipanda. Naosha mizizi ya kope. Kazini nikimaliza jora natazama mbali, Milima ya Uluguru kupitia dirisha lililovunjika, na kupepesa mara ishirini kama mtu aliyeingiwa na mdudu. Nimehama kutoka chini ya feni. Nimenunua mkaa, kuni basi.

Mchanga umepungua. Haujaisha. Alisema hautaisha, utazoeleka nikiyatunza macho.

Sijamwandikia mama. Nilianza nikakumbuka barua zake anasomewa na katekista, kwa sauti, barazani. Nimwambie katekista nimempa mama yangu sumu ya macho? Nitakwenda mwenyewe.

Alhamisi, 3 Machi
Kiwanda kimesimama. Pamba hakuna, vipuri hakuna, mnunuzi haonekani. Tumeambiwa turudi nyumbani tungoje kuitwa. Wengine wameimba. Mimi nimepanga muhuri wangu na kalamu kwenye droo, nimefunga.

Jumamosi, 12 Machi
Asubuhi Shomari, dereva wa lori la ndizi, amegonga mlango. Kikapu cha mama. Mkungu wa ndizi, maparachichi, mdalasini umefungwa kwenye gome la mgomba, na juu yake mkeka mpya wa rangi tatu. Shomari anarudi Matombo saa nane. Atapita kuchukua kikapu.

Kikapu cha mtu hakirudi kitupu. Mama alitufundisha hivyo kabla hatujajua kuhesabu. Hata jani la mchaichai, unaweka. Ukirudisha chombo kitupu umemwambia mwenyewe wema wake umekwisha. Na kikapu hiki kitafunguliwa mbele ya majirani, maana mzigo wa mjini haufunguliwi na mtu peke yake.

Nimetafuta. Sukari ilikuwa imebaki ya kulamba. Sabuni kipande. Kanga zangu zimechakaa. Majirani nao wa kiwanda kilekile, nyumba zao kama yangu. Saa nane kasorobo Shomari anapiga honi.

Nimeweka chupa mbili. Nimezifunga kwenye karatasi ya magazeti, nikaziweka katikati ya kikapu, zikaonekana ndogo, nikaongeza kipande cha sabuni.

Nilijiambia mimi nimetumia muda mrefu na sikupofuka. Nilijiambia muuguzi alisema watu wengine, hakusema wote. Nilijiambia mama anatumia tone moja tu. Maneno yote hayo niliyapata kwa muda wa honi moja.

Jumapili, 13 Machi
Misa ya kwanza. Sikukomunika.

Nitakwenda Pasaka, nizitoe mkononi mwake mwenyewe. Wiki tatu. Wiki tatu si kitu.

Jumamosi, 2 Aprili
Mvua. Barabara ya Matombo imekatika, lori limekwama njiani tangu Alhamisi. Pasaka nipo hapa.

Hiyo ndiyo sababu niliyomwambia jirani. Daftari litajua ukweli: jana watu wanne wa mtaa huu wamekwenda, wakapanda gari mpaka lilipoishia, wakatembea. Viatu ninavyo. Miguu ninayo. Naogopa uso wa mama atakapouliza, kama ulijua, kwa nini ulituma?

Ijumaa, 29 Aprili
Orodha imebandikwa getini. Jina langu la saba. Miaka ishirini na mbili natafuta kasoro katika kazi za wengine, nyani haoni kundule, na leo kasoro ni mimi. Nimelia njia nzima. Machozi yale ya dharura, mengi, yasiyosaidia kitu.

Alhamisi, 19 Mei
Barua ya mama. Naiandika hapa nisije nikajidanganya siku moja kwamba haikuja.

Anashukuru kwa chupa mbili. Anasema amepata habari za kiwanda, nisihangaike kumtumia kitu. Ndizi zipo, atanilisha. Macho hayaumi hata kidogo, mwanangu, ila siku hizi kiza kinaingia mapema na watu wanatokea ubavuni ghafla. Kwa hiyo ameongeza tone. Sasa ni mawili asubuhi, mawili mchana, mawili jioni.

Nimesoma nikakaa sakafuni.

Nimeandika palepale: Mama acha dawa ya macho, usitie tena, nakuja. Nimekimbia mpaka sokoni nikamkuta Shomari anafunga turubai. Sikuandika kwa nini. Hata leo, hata katika barua hiyo, nilimwonea haya katekista.

Jumatatu, 6 Juni
Matombo. Nilichelewa wiki mbili na nusu kwa sababu ya kusaini karatasi za kupunguzwa, siku moja hadi nyingine, njoo kesho. Sababu hii ni ya kweli, na haisaidii.

Nilimkuta mama mlangoni mwa jiko anasuka. Nilisimama kushoto kwake, karibu kabisa. Hakunitazama. Nikasema shikamoo mama, akashtuka mpaka ukili ukamdondoka. Kisha akafurahi, akanishika mikono, akaniambia nimekonda.

Nimeutazama mkeka kabla ya kumtazama yeye. Kazi ni kazi. Upande wa kulia umenyooka kama zamani. Upande wa kushoto ukili umeachana, mishono imeruka, mahali pengine kidole kinapita. Yeye hajui. Amemimina uji, nusu umeingia kikombeni, nusu umekwenda chini.

Nikauliza kama alipata barua yangu ya kuacha dawa. Akacheka. Alisema, "Nilijua tu, Vero. Umeachishwa kazi, unaona haya hutaweza kununua nyingine. Ndiyo nikazibana. Natia Jumapili na siku za jumuiya."

Chupa ilikuwa chini ya mto wake, imefungwa kwenye leso safi. Imebaki robo. Nimeichukua. Hakuuliza.

Alhamisi, 9 Juni
Hospitali, mjini. Daktari amempima mama kwa muda mrefu. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia amebakiwa na katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Presha iko juu sana. Atapewa dawa ya kuishusha, na upasuaji ukiwezekana, lakini kilichopotea hakirudi. Maneno yaleyale ya Februari.

Daktari akauliza alikuwa anatia dawa gani. Nikatoa chupa kwenye mkoba. Muuguzi wangu alikuwa amesimama pembeni na faili. Akaitazama chupa. Akanitazama.

Daktari akauliza nani alimpa. Nikasema ilinunuliwa dukani.

Muuguzi alifungua faili. Aliinamisha kichwa akaandika. Afadhali angenipiga kofi.

Wakati mama anatolewa nje nilibaki nyuma nikamuuliza daktari, kama angeacha mapema, tuseme Februari? Akasema haya mambo hayapimiki vizuri, huenda uharibifu ulishaanza. Akafikiri. Pengine lingebaki jicho moja, akasema.

Jicho moja.

Jumanne, 12 Julai
Nimerudisha chumba cha mjini, nimehamia Matombo. Nimeuza kitanda, kabati sikulitaka hata kuliona. Mama amewaambia majirani binti yake amerudi kumlea, amebarikiwa. Kwetu nyumba na shamba ni vya ukoo wa mama, hurithi binti. Wananisifu njiani. Mzee mmoja amenipa kuku.

Kuku nimempa katekista.

Jumatano, 14 Septemba
Upasuaji wa Agosti haukusaidia. Leo asubuhi mama ameniuliza kama kumekucha. Jua lilikuwa limefika kwenye migomba.

Nikamwambia bado, mama, lala kidogo. Nikatoka nikakaa nyuma ya nyumba. Sikuwa na la kufanya na mikono yangu.

Baadaye akalalamika mchanga. Macho hayaoni tena lakini ukavu wake upo palepale, yanamkereketa kama zamani. Sikujua jambo hilo, kwamba jicho likifa kuona linabaki na maumivu yake mengine yote. Nimechemsha maji, nimeyaacha yakawa vuguvugu, nimekamua kitambaa. Nimemkanda kope. Akasema vidole vyako vizuri, mjini walikufundisha. Ndiyo, nikasema. Februari.

Sasa nafanya kila asubuhi na kila jioni. Jiko nimelihamishia nje upande wa pili, upepo uchukue moshi. Kitu kidogo namna hii. Nilikijua miezi saba iliyopita na nilikifanya kwa macho yangu mwenyewe.

Jumanne, 4 Oktoba
Nimemwambia.

Ilikuwa baada ya kumkanda, kitambaa bado kiko juu ya macho yake. Labda nilichagua hivyo kwa makusudi. Nimesema yote mfululizo. Muuguzi, karatasi ya ndani, chupa nyuma ya sukari, kikapu, honi. Sikulia. Sikutaka machozi yangu yaonewe huruma.

Kitambaa kikapoa juu ya macho yake. Kisha akauliza kitu kimoja. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akakitoa kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne, akanipa. Akanyanyuka akapapasa ukuta mpaka chumbani kwake. Nilitaka kumshika mkono. Akausogeza.

Alhamisi, 6 Oktoba
Hasemi na mimi. Anakula. Anaitikia shikamoo kwa sababu shikamoo lazima iitikiwe. Nikileta maji ya vuguvugu anakaa, anainua uso, ananiacha nifanye. Uso wa mama uko mikononi mwangu mara mbili kwa siku na sijui kuna nini ndani yake.

Natamani atukane. Nimezoea kasoro zinazoonekana.

Jumatatu, 10 Oktoba
Bado. Leo amejaribu kusuka kwa kupapasa. Ameweka ukindu mweupe na mwekundu pamoja, akaniita? Hapana. Amemwita jirani aje kumchagulia rangi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake.

Jumapili, 16 Oktoba
Agata amekuja kutoka Ngerengere na mkate na sukari. Hakuwa amemwona mama tangu upasuaji. Amelia kuanzia njia panda. Ameupapasa uso wa mama, amepunga mkono mbele yake, amelia upya. Majirani watatu walikuwa wamekuja kumwamkia. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nachambua mchicha.

Akanigeukia. Mbele ya wote. Macho ya mama yameharibikaje mpaka kufika hapa, wewe uliyekuwa mjini, hospitali mlangoni? Kitu gani kimemwingia?

Nikaweka ungo chini. Nilikuwa naanza kusema. Mdomo ulishafunguka.

Mama akatangulia. "Uzee, Agata. Ni uzee tu. Mwache mdogo wako achambue mboga."

Majirani wakaitikia, ndiyo, uzee hauna dawa. Mmoja akaanza habari za bibi yake. Agata akafuta uso akaomba radhi.

Mama hakugeuza kichwa kuja upande wangu. Alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyemaliza kusema kila alichonacho.

Mchicha nimeuchambua mpaka mwisho. Tumekula. Mama ameomba maji, nimempa, ameyanywa yote na kunirudishia kikombe bila neno. Saa tisa nimemsindikiza Agata barabarani. Kabla ya kupanda gari amenikumbatia muda mrefu, akanishukuru kwa kumtunza mama. Nikamwambia haya, wasalimu nyumbani.